Mjomba, Mbona Nanogewa na Kesi za Watu Waliokufa Zamani?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari minne hivi, kwamba siku hizi kabla sijalala nasoma hadithi fupi za upelelezi za enzi zile, yaani mauaji ya zama za wafalme na mishumaa, mpelelezi hana hata tochi. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingine za kunisifu nyingine za kunisuta, kwa hiyo ukurasa wa mwezi huu wote ni wa hizo, wale wa maswali ya mashairi na tahajia mnivumilie, zamu yenu ipo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni nesi huku Tabora. Nikiwa zamu ya usiku na wodi imetulia huwa nasoma kwenye simu stori za mpelelezi mmoja wa Kijapani wa zamani sana. Mume wangu ananicheka, anasema kesi za leo zipo tele redioni, unahangaika na maiti za Wajapani wa miaka 150 iliyopita, zinakuhusu nini? Na mimi nikitaka kumjibu nakosa cha kusema. Hivi kinachonivuta ni nini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Huyo mkwe wangu mwambie taratibu, jibu lake lipo ila ni refu kidogo.

Nadhani namjua unayemsoma, ni Hanshichi wa mji wa Edo, ndo Tokyo hii hii kabla haijabadilishwa jina 1868. Aliyemtunga anaitwa Okamoto Kido, mtu wa tamthilia, alianza kumtoa kwenye jarida mwaka 1917 akaendelea naye mpaka miaka ya 1930, stori karibu 70 zote fupi. Na unajua kilichomchokoza? Alisoma Sherlock Holmes kwa Kiingereza akanogewa, akasema na sisi tuwe na wetu, ila akaona akimweka mpelelezi wake Tokyo ya wakati ule yenye tramu na suti atajikuta anamwiga Mzungu tu, bora amrudishe nyuma Edo ambako hakuna wa kumwiga. Mi hapo ndo namvulia kofia.

Sasa angalia anavyokusimulia. Hakutupi moja kwa moja kwenye maiti. Kuna kijana mwandishi wa habari anakwenda kumtembelea mzee aliyestaafu, wanakaa wanakunywa chai, mzee anaanza, enzi zile bwana. Si ndo babu zetu barazani hao! Kwa hiyo hata kabla hujajua nani kafa umeshakaa mkao wa kusikiliza, na stori ya kwanza kabisa inaanza na mke wa samurai anayetokewa kila usiku na mwanamke amelowa maji chapachapa toka kichwani mpaka miguuni, wewe muuguzi uko peke yako na wodi ina giza, lazima utasoma mpaka mwisho. Mwisho wake siusemi, wengine hawajasoma.

Lakini hilo la babu na mzimu ni utamu wa juu juu, la ndani ni hili. Chukua kitu kidogo kama saa. Edo hakukuwa na saa ya mkononi, kulikuwa na kengele, na hesabu yao ilikuwa ya kushangaza: alfajiri inapigwa sita, halafu tano, halafu nne, adhuhuri inaruka inapigwa tisa, kisha nane, saba, na magharibi inarudi sita tena, na usiku hivyo hivyo mpaka tisa ya usiku wa manane. Yaani wanahesabu kurudi nyuma! Na mchana wowote uwe mrefu uwe mfupi lazima ugawanywe mafungu sita, kwa hiyo kiangazi fungu moja la mchana ni zaidi ya masaa mawili na nusu ya kwetu, kipupwe halifiki hata mawili. Sisi watu wa huku tunaohesabu saa toka jua linapochomoza tunaielewa nusu yake haraka kuliko Mzungu, ila kwetu mchana hautanuki hivyo, saa sita ni saa sita mwaka mzima. Hesabu hiyo waliitumia mpaka mwisho wa 1872, Januari 1873 serikali yao ikahamia saa za Kizungu.

Haya, sasa mtu kwenye stori anasema aliondoka kwa rafiki yake kengele ya sita ilipolia. Sita ipi? Na aliwezaje kutembea mtaa wa tatu huko wakati mitaa ya Edo ilikuwa na mageti ya mbao, usiku ikipigwa nne, kama saa nne usiku yetu hivi, mageti yanafungwa, na anayechelewa lazima amgongee mlinzi amfungulie kijimlango cha pembeni, na mlinzi anakuona uso? Unaona mwanangu, ghafla kengele na geti la mbao vimekuwa na maana kwako. Hukuambiwa uvikariri. Umevishika mwenyewe kwa sababu kuna mtu anadanganya na wewe unataka umkamate.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Historia tuliyosoma shule ilitupa mfalme alitawala toka lini hadi lini, tukafanya mtihani tukasahau. Stori ya upelelezi haina haja na mfalme, ina haja na kufuli lilikuwa la namna gani, nani aliamka kwanza kuchota maji, mafuta ya taa yaliuzwa wapi, mtumishi alilala mlango upi. Ukikosa hayo humjui muuaji. Na wewe nesi kazi yako si ndiyo hiyo, mgonjwa anasema nimekula vizuri na sahani ipo pale haijaguswa? Mwambie mumeo unapenda sahani ambayo haijaguswa, basi.

SWALI: Mjomba mambo. Mimi naona hizo stori ni za uongo uongo tu. Hamna alama za vidole, hamna vinasaba, hamna kamera, hamna hata simu ya kutrack. Kweli kabisa mtu angekamatwa? Si wanabahatisha halafu mwandishi anamalizia anavyotaka? Kijana, Morogoro.

JIBU: Poa kijana. Kweli vifaa havikuwepo, polisi wa London walifungua ofisi ya alama za vidole 1901 na hayo mambo ya kusoma vinasaba kumtambua mtu yamekuja 1984, juzi tu mi nikiwa na nywele bado. Ila usidhani kabla ya hapo watu walikuwa wanapiga ramli.

Ngoja nikupe moja ambayo haikutungwa na mwandishi wa stori, imo kwenye kitabu cha kazi. China, mwaka 1247, ofisa mmoja anaitwa Song Ci aliandika mwongozo kwa mahakimu namna ya kukagua maiti, jina la kitabu ukilifasiri ni kama kuosha dhuluma. Mle kuna kesi ya mtu aliyekutwa amekufa kando ya njia, amekatwakatwa mwili mzima. Wa kwanza kufika wakasema majambazi. Ofisa akaangalia akaona vitu vyake vyote vipo, hakuna kilichochukuliwa, akasema hapana, jambazi anaua achukue mali, huyu kauawa kwa chuki, na majeraha ni ya mundu. Akamuita mke wa marehemu pembeni akamuuliza mumeo aligombana na nani, mke akasema hana adui, ila kuna mmoja alikuja kukopa pesa akanyimwa akaondoka na maneno. Ofisa hakwenda kumkamata. Akatangaza kijiji kizima kila mwenye mundu aulete, anayeficha ndiye muuaji. Ikaletwa kama 70 au 80, akaamuru ilazwe chini juani, siku yenyewe ya joto. Ikakaa pale. Mara nzi wakaanza kuja, na wakaacha mundu zote wakatua kwenye mmoja. Wenyewe ulikuwa umeoshwa unang'aa, macho hayaoni kitu, ila nzi wana pua yao. Akauliza huu wa nani. Wa yule yule mkopaji.

Hakuna maabara hapo, kuna jua na nzi. Na ndo maana mi naona hizi stori zina haki zaidi kwa msomaji kuliko za leo, samahani kama nakuudhi. Stori ya leo mpelelezi anapeleka unywele maabara, majibu yanarudi, jina hili hapa, mimi msomaji nimeshiriki nini? Ila mundu na nzi tulikuwa navyo wote tangu mwanzo, na kama hukukisia ni uzembe wako mwenyewe.

SWALI: Mjomba, kwa nini fupi? Mimi napenda riwaya nene nijilaze nayo wiki nzima.

JIBU: Jilaze nayo, hakuna aliyekukataza. Ila stori fupi inabeba kitu kimoja tu, kengele moja, mundu mmoja, na unakimaliza kichwa bado kinakikumbuka. Nene lazima aongeze binamu wanne na wosia wa pili ili ukurasa ujae.

Na kuna hili. Zamani nikisafiri na treni ya reli ya kati nilinunua pale stesheni kitabu kilichotumika, stori fupi saba za namna hii, kufika katikati ya safari nagundua ya mwisho imechanwa kurasa mbili za mwisho kabisa, nadhani mtu alifungia karanga. Behewa zima tukaanza kuikamilisha. Mama mmoja wa dagaa akasema muuaji ni shemeji maana ndiye pekee aliyejua mbwa hatabweka, mzee mwingine akakataa akamtetea shemeji kana kwamba ni wake, tukabishana mpaka stesheni ya mbele. Riwaya ya kurasa 500 ningeanzaje kuwasimulia? Hii niliisimulia yote kwa muda wa kumenya chungwa. Mpaka leo sijui muuaji ni nani na nimeshindwa kukipata kitabu kingine, lakini moyoni nimeamua ni shemeji.

SWALI: Assalam alaykum Mjomba. Kuna hadithi nimesoma wamemfanya mtu wa kweli wa historia awe mpelelezi, mtu mwenyewe wala hakuwahi kupeleleza chochote. Hii si kumzulia marehemu? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Waalaykum salaam. Swali zuri na mimi lilinisumbua muda.

Inategemea anajaza wapi. Machi 1784 London wezi walivunja nyumba ya waziri wa sheria wakaiba Muhuri Mkuu wa Uingereza, ule wa kupigia nyaraka za mfalme, na ilikuwa usiku wa kuamkia siku ya kuvunjwa bunge. Ikabidi utengenezwe mwingine harakaharaka, ule wa kwanza haukuonekana tena. Huo ni ukweli mtupu. Sasa Mmarekani Lillian de la Torre, miaka ya 1940, akaona wakati ule ule mjini mule mule alikuwa anaishi Samuel Johnson, mwanachuoni wa kamusi, mzee mnene mwenye maneno makali, na ana rafiki yake Boswell ambaye kazi yake kweli kabisa ilikuwa kuandika kila neno linalotoka mdomoni kwa Johnson. Mpelelezi na karani wake, tayari wapo! Akawapa kesi ya muhuri. Akaandika nyingi za hivyo baadaye. Mi sioni kosa, kwa sababu kaweka stori yake kwenye shimo ambalo historia yenyewe imeliacha wazi, hakuna aliyesingiziwa uovu asioufanya.

Ila yule anayechukua mtu wa kweli aliyekufa na jina safi akamfanya muuaji ili msomaji ashtuke, huyo hapana. Hata kama kafa miaka 300. Ana wajukuu.

Na usishangae wachina walifanya haya kitambo. Hakimu Di, mpelelezi wa vitabuni wanayemsoma wengi, alikuwa mtu wa kweli, Di Renjie, alizaliwa 630 akafa 700, akapanda mpaka kuwa waziri mkuu wa malkia Wu Zetian. Karne nyingi baadaye watu wakamtungia visa, kimoja cha karne ya 18 kikaangukia mikononi mwa balozi wa Kiholanzi Robert van Gulik, akakitafsiri akakichapisha Tokyo 1949, kisha akaanza kutunga vya kwake, na stori fupi nane zikatoka 1967. Jamaa alikuwa anajua Kichina mpaka anachora picha za vitabu vyake mwenyewe. Kwenye vile vya asili alisema kuna mambo msomaji wa Ulaya angeyakataa, kwa mfano muuaji unaambiwa mapema kabisa, na mizimu inajiingiza ovyo kwenye kesi. Akayapunguza. Mi nilikuwa nataka mizimu ibaki bana.

SWALI: Je Bwana Msa ni hadithi ya kihistoria?

JIBU: Kwa aliyemtunga mpelelezi huyo hapana, Muhammed Said Abdulla aliandika Unguja ya wakati wake mwenyewe na kitabu cha kwanza kikatoka 1960. Kwako wewe uliyezaliwa baada ya simu za mkononi, ndiyo. Ile shamba, ule mzimu, kile kiko mdomoni. Mwandishi hakukusudia, ila Unguja ile akaiweka akiba.

SWALI: Mjomba shikamoo. Niko kidato cha sita Tanga, nataka kuandika hadithi fupi ya upelelezi ya zamani, itokee hapa hapa pwani, sio Japani wala Ulaya. Nimeanza mara tatu nikaishia njiani, mwalimu ananiambia naandika kama kitabu cha historia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hii barua ndo imenifanya niwahi kuamka, na nitaijibu kwa urefu wengine wakinuna wanune.

Mwalimu wako yuko sahihi, na dawa yake ni moja, kila kitu cha zamani unachokiweka kiwe na kazi kwenye kesi. Kisipokuwa na kazi kitoe. Usiniambie hapo zamani za kale palikuwa na majahazi yakija kwa pepo za msimu. Nani asiyejua? Fanya hivi: Julai, kusi imekaza, mgeni anaingia mjini na sanduku lake anasema ametoka Maskati, ameshuka juzi. Wote wanamkaribisha kahawa. Mpelelezi wako, mzee fundi wa kushona matanga, anainamisha kichwa tu maana anajua majahazi ya Maskati yanakuja na kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, kusi ni ya kurudia kwao, na Julai bahari imechafuka nahodha gani anakuja kinyume na upepo? Huyo mgeni yupo pwani hii zaidi ya miezi mitatu. Alikuwa wapi? Ushapata stori, na somo la pepo umelitoa bila msomaji kujua amesomeshwa.

Au riale. Karne ya 19 Zanzibar ilijaa zile riale za fedha zenye kichwa cha malkia Maria Theresa wa Austria, na zote zina mwaka mmoja, 1780, mwaka aliokufa, maana waliendelea kuzipiga miaka na miaka bila kubadilisha tarehe. Sasa mfanyabiashara anaapa riale zake ni halali, anazimwaga mezani, mpelelezi anachukua moja anaisogeza kwenye kandili, mwaka 1815. Hana haja ya kuiuma kwa meno aone kama ni fedha. Mtengenezaji wa bandia alidhani anakuwa mjanja kwa kuweka tarehe mpya!

Lakini kitu hicho hicho kitakukata mkono ukikosea. Nimeshasoma hadithi ya mwaka 1850 ambayo muuaji anajulikana kwa methali iliyoandikwa kwenye kanga ya marehemu. Imeandikwa vizuri, machozi yalinitoka, na haiwezekani, kanga zenyewe zimeingia miaka ya mwisho mwisho ya karne ile na maneno yakaja baadaye tena. Hapo hadithi nzima imeanguka kwa sababu ushahidi ndo nguzo. Kosa la pazia au rangi ya mlango msomaji atakusamehe, hata van Gulik alisema waziwazi kwamba hakimu wake ni wa enzi za Tang ila mavazi na desturi kachukua za Ming, karne nyingi baadaye, ndivyo wachina wenyewe walivyozoea. Lakini kosa kwenye kitu kinachomfunga muuaji halina msamaha.

Mahali pa kuanzia? Kama unaweza kupata nauli vuka mpaka uende Gedi, jirani na Malindi. Mji ule ulikuwa na msikiti mkubwa, jumba la kifalme, vyombo vya China, halafu mwanzoni mwa karne ya 17 hivi watu wakauacha, msitu ukaumeza. Wapo wanaosema visima vilikauka, wengine wanasema mashambulizi, na yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ila nisikilize, walipoanza kuuchimba 1948 nyumba hazikuwa na majina ya wenyewe, kwa hiyo wachimbaji wakaziita kwa walichokuta ndani. Kuna Nyumba ya Kauri, zile simbi za pwani. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Na kuna Nyumba ya Mkasi. Mpwa wangu, mkasi! Mtu anahama nyumba, anabeba kila kitu, anaacha mkasi. Mkasi wa chuma zamani zile ni mali. Alikuwa anakata nini, na kwa nini hakurudi kuuchukua? Mi nikisimama pale siwezi kuondoka.

Na kama unataka kishindo, nenda Unguja 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini anafariki ghafla tarehe 25 Agosti. Kabla hata watu hawajamaliza kupeana taarifa, Khalid bin Barghash ameshaingia ikulu na watu wake. Minong'ono ya sumu ikaanza siku ile ile, haikuthibitishwa wala kukanushwa, maana maiti ya Muislamu haikawizwi, na mwenye kuizuia ili aikague ni nani? Waingereza wakampa Khalid muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27, akagoma, manuwari zikapiga ikulu, na vita yote haikufika hata saa nzima, dakika 40 hivi, Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Vitabu vyote vinasimulia hizo dakika 40. Wewe niandikie siku mbili za kabla. Usimguse Khalid, usimguse marehemu, niliyosema kwa yule wa Mombasa na wewe yanakuhusu. Nipe mpishi wa jikoni, au mtoto anayepeleka kahawa, anayejua kikombe kipi kilioshwa mara mbili. Ana siku mbili tu za kumwambia mtu, na saa tatu asubuhi jiko lenyewe halitakuwepo.

SWALI: Mjomba na wewe unazidi. Hizo stori zinapendezesha zamani, kila mtu ana adabu, ana chai na mishumaa mizuri. Zamani hiyo hiyo watu waliuzwa sokoni na kuteswa. Mbona mnaifanya burudani? Msomaji wa siku nyingi, Dar es Salaam.

JIBU: Umenipata, na sijibishani sana. Zipo nyingi za hivyo na mi nikizisoma nazitupa.

Ila zile nzuri hazifichi. Kwenye mahakama ya Hakimu Di sheria ilikuwa mtu hafungwi mpaka akiri kwa kinywa chake, ikionekana kama huruma, kumbe maana yake ni viboko hadi akiri, na hakimu mwema kabisa tunayempenda anaamuru viboko na unamwona mshitakiwa anapigwa pale pale. Nikisoma hapo kiti kinanichoma. Mpelelezi amepatia, muuaji ndiye kweli, na bado sina furaha. Ya pwani yetu nayo yatakuja hivyo hivyo, huyo kijana wa Tanga akiandika Unguja kabla ya 1873 soko la watumwa lilikuwa wazi mchana kweupe, ushahidi mwingi wa mauaji ya nyumba kubwa ulikuwa vichwani mwa watu ambao hakuna kadhi angewasikiliza kama alivyomsikiliza bwana wao. Mjakazi ameona kila kitu. Nani atamuuliza?

Kijana wa Tanga, kama umesoma mpaka hapa, hilo swali la mwisho nakupa wewe. Ukimaliza nitumie, kurasa zisizidi kumi, na za mwisho uzibane vizuri.